Wahome Mutahi: Mtunzi aliyeigiza ikulu ndani ya baa bila mandhari ya kupakwa rangi

IJUMAA ya Machi 7, 2003, Wahome Mutahi aliingia katika hospitali moja mjini Thika ili aondolewe uvimbe mgongoni. Ulikuwa uvimbe wa mafuta, wa aina ambayo kwa kawaida huondolewa kwa muda mfupi na mgonjwa akarejea kwake. Alipewa dawa ya usingizi, na kutoka katika usingizi huo hakuamka tena. Alilala bila fahamu kwa siku 137, hadi Jumanne ya Julai 22, alipoaga dunia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 48.

Waliompoteza siku hiyo walikuwa wa makundi mawili, ambayo si rahisi kukutana. Kundi la kwanza ni wasomaji wa magazeti ya Kiingereza, waliomjua kwa jina la safu yake ya kila Jumapili, Whispers. Kundi la pili ni wale ambao huenda hawakuwahi kununua gazeti la Kiingereza maishani mwao, lakini walimjua kwa sauti na kwa uso, kwa kuwa walikuwa wameketi naye usiku katika baa za Nairobi na za Kenya ya Kati huku akiigiza mbele yao, hatua chache kutoka kwenye meza zilizojaa chupa. Habari za kundi hili la pili zimeandikwa kwa uchache, ilhali ndilo linaloonyesha vyema zaidi alivyokuwa jasiri.

Mutahi alizaliwa Oktoba 24, 1954, katika wilaya ya Nyeri. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, jambo linalomfaa mtu aliyekuja kuzifanya Jumapili za Wakenya kuwa zake. Safu ya Whispers ilianza mapema miaka ya 1980 katika gazeti la The Standard kisha ikahamia Sunday Nation, ikawa mfano wa nyumba ambayo kila msomaji aliingia bila kubisha hodi. Ndani yake mlikuwa na mume mwoga mwenye majivuno, mkewe aliyepewa jina la Thatcher kwa ukali wa waziri mkuu wa Uingereza wa enzi hizo, binti aitwaye Pajero, na mwana aliyejulikana kama Whispers Junior. Kule nyumbani, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, aliishi mama yake, Appepklonia, ambaye jina lake la ubatizo liliandikwa jinsi linavyotamkwa na ulimi usiolizoea. Padri Camissassius na Mwalimu Damiano walipita humo wakiwa na adhabu na mawaidha yao.

Kiingereza cha safu hiyo kilikuwa na lafudhi ya Nyeri na maneno ya Kiswahili cha mitaani, nacho kilisomeka kana kwamba mtu anazungumza na jirani yake uani. Wengi waliamini kwamba kila kilichosimuliwa kilitendeka katika nyumba ya Mutahi mwenyewe. Hiyo ndiyo sifa ya mandhari iliyochorwa vizuri: mtazamaji husahau kuna mbao na kitambaa, akauona ukuta. Mchoraji huyu lakini hakuwa na rangi. Alikuwa na maneno tu, na mbinu hiyo ndiyo aliyoipeleka baadaye kwenye jukwaa.

Kabla ya jukwaa ilikuja jela. Mwaka 1986 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa ikiwasaka watu waliodaiwa kuwa wafuasi wa kundi la siri la Mwakenya. Wahadhiri, wanafunzi, wanahabari na wakulima walikamatwa, na wengi wao wakapelekwa katika seli zilizokuwa chini ya Jumba la Nyayo, katikati ya jiji la Nairobi, ambako waliteswa kabla ya kufikishwa mahakamani na kukiri mashtaka. Mutahi alikamatwa pamoja na nduguye, Njuguna. Baada ya mateso ya Jumba la Nyayo alifungwa gerezani kwa muda uliozidi mwaka mmoja.

Wapo waliotoka mahali hapo wakanyamaza, na hakuna wa kuwalaumu. Mutahi alitoka akaandika. Riwaya yake Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991, inasimulia habari za wanaume wawili, Chipota na Momodu, wanaokamatwa na kuteswa kwa kosa wasilolijua katika nchi isiyotajwa jina, inayotawaliwa na mtu anayeitwa kwa cheo cha utukufu tu. Ilitunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka uliofuata. Riwaya nyingine, The Jail Bugs, iliingia gerezani kwenyewe, pamoja na chawa wake. Mwaka 1996 akatoa How to Be a Kenyan, kitabu cha kuchekesha kuhusu tabia za Wakenya, ambacho pengine ndicho kilichopata wasomaji wengi zaidi. Hata hivyo, kitabu ni bidhaa. Mfanyakazi wa shamba la kahawa la Ruiru au la mananasi la Thika hakuwa na pesa za kitabu, na wala si wengi waliokuwa na Kiingereza cha kukisoma.

Ili kuelewa hatua aliyoichukua baada ya hapo, yafaa kukumbuka hali ya maigizo nchini ilivyokuwa. Jumba la Kitaifa la Maigizo, lililofunguliwa mwaka 1952 karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, lilijengwa kwa desturi ya Kiingereza: watazamaji gizani, waigizaji kwenye mwangaza, na nyuma yao mandhari iliyopakwa rangi. Kazi ya kupaka mandhari hayo ni ufundi wa kuheshimiwa. Fundi huunganisha mbao nyembamba ziwe fremu, akazivika kitambaa kizito cha pamba, kisha akakipaka gundi iliyochanganywa na maji ili kikaze na kisiinywe rangi. Kikishakauka huchora kwa chaki au makaa mistari ya ukuta, dirisha na mlango, ndipo aanze kupaka kwa brashi pana. Hapaki kama mchoraji wa picha ya kutundikwa sebuleni. Humpakia mtu aliyeketi mbali, kwa hiyo hulizidisha giza na huuzidisha mwangaza. Hata kivuli cha nguzo hukipaka hapo hapo, upande mmoja, na taa za jukwaa hazina budi kukubaliana na upande huo.

Shule za sekondari za Thika, Ruiru na kwingineko nchini zimeufuata ufundi huo kwa njia zao, hasa msimu wa tamasha la kitaifa la drama unapokaribia. Mashuka ya bweni hugeuzwa misitu, makatoni ya maduka yakawa majumba ya wafalme, na rangi ya kuta za madarasa ikapungua kwa njia ambazo walimu wakuu hawaulizi sana. Wanafunzi wengi wa Kenya walishika brashi kwa mara ya kwanza nyuma ya jukwaa la shule.

Lakini ufundi huu una masharti matatu: jumba, lori na kibali. Mandhari huhitaji mahali pa kusimamishwa, gari la kuyabeba, na ruhusa ya kuonyesha mchezo wenyewe, maana sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza ilidai leseni. Kamiriithu, huko Limuru, wanakijiji walitegua sharti la kwanza kwa kujijengea wenyewe jukwaa la wazi, na mwaka 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Leseni ilifutwa wiki chache tu baadaye, na kabla mwaka haujaisha Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 walipojiandaa kuleta mchezo mwingine, Maitu Njugira, katika Jumba la Kitaifa, walifungiwa milango. Machi mwaka huo polisi walifika Kamiriithu na kulibomoa jukwaa hadi chini.

Somo la Kamiriithu lilikuwa wazi kwa kila mtu wa maigizo. Kinachosimama kinaweza kubomolewa. Jukwaa lina anwani, na mandhari yakishapakwa rangi hayawezi kufichwa chini ya koti.

Katika miaka ya 1990, baada ya mfumo wa chama kimoja kuondolewa Desemba 1991 lakini hofu ikiwa bado haijaondoka, Mutahi na wenzake wa kundi la Igiza Productions walianza kuigiza katika baa kwa lugha ya Gikuyu. Michezo iliyovuma zaidi ilimhusu mtawala mmoja: Mugaathe Mubogothi, yaani Mtukufu anayeweweseka, na baadaye Mugaathe Ndotono. Mutahi hakukaa nyuma kama mtunzi anayehesabu viingilio. Aliingia mwenyewe jukwaani.

Kwa nini baa? Jibu la kwanza ni la hesabu. Miji kama Thika na Ruiru ilikuwa na watu wengi wenye mishahara midogo, kuanzia vibarua wa viwanda na mashamba hadi makanga na askari wa magereza, ambao chuo chao cha mafunzo kiko Ruiru. Haikuwa na jumba la maigizo la aina ya lile la Nairobi. Baa ilikuwepo kila mtaa. Ina paa, viti, taa na watu ambao tayari wametoka nyumbani wakitafuta burudani. Mwenye baa hupata wanywaji, kundi hupata kiingilio, na hakuna wa kukodiwa lori.

Jibu la pili linahusu macho. Ukuta uliopakwa kwa ajili ya mtu aliye mita ishirini mbali huonekana kichekesho kwa mtu aliye hatua mbili. Rangi huonekana rangi, na kitambaa hutikisika mhudumu apitapo na sinia. Ndani ya baa, mandhari ya kuchora hayamdanganyi mtu. Humkumbusha tu kwamba anadanganywa. Hivyo maigizo ya baa hutumia kilichopo. Kaunta huwa dawati la waziri, mlango wa jikoni ukawa lango la ikulu, na mlevi aliye kwenye kona, atake asitake, akawa raia mwema. Watazamaji nao hawakai gizani. Hujibu, huzomea, hudai sehemu irudiwe, na mwigizaji hulazimika kuwa na majibu ambayo hayamo katika muswada.

Jibu la tatu lilikuwa likining'inia ukutani. Katika miaka hiyo kila duka, kinyozi, hoteli na baa nchini ilitundika picha ya Rais, na asiyeitundika alijitafutia maneno na chifu. Taarifa za habari za redio ya taifa zilianza na Mtukufu Rais, alikokwenda na alichosema, hata kama siku hiyo hakuwa amesema kitu. Alipotarajiwa kupita katika barabara fulani, mawe ya kando yalipakwa chokaa na mashimo yakajazwa udongo usiku, ukawa udongo mtupu tena mvua iliponyesha. Serikali yenyewe ilikuwa fundi hodari wa mandhari, na nchi nzima ikawa jukwaa lake. Kundi la maigizo lililoingia ndani ya baa kuigiza habari za Mugaathe halikuwa na haja ya kupaka ikulu rangi. Ikulu ilikuwa tayari imetundikwa juu ya kaunta, ndani ya fremu na kioo, ikiwatazama waigizaji na wanywaji kwa pamoja.

Hapo ndipo ulipokuwa ujasiri, na ndipo ilipokuwa hatari. Mtu aliyewahi kulala katika seli za Jumba la Nyayo alisimama chini ya picha ile, akatembea kama mtawala na kupayuka kama mtawala, mbele ya watu asiowajua, ambao yeyote miongoni mwao angeweza kuwa polisi wa kitengo maalumu anayekunywa soda. Jina la mtawala halikutajwa. Halikuhitajika. Mwenye baa naye alikuwa na leseni ya pombe ya kupoteza, na uthabiti wa wenye baa hao wasiojulikana majina unastahili kukumbukwa katika historia ya sanaa yetu kuliko unavyokumbukwa.

Si kila mtu aliyeisifu kazi hii. Wasomi walilalamika kwamba mzaha wa baa ulikuwa wa matusi, na kwamba mlevi anayecheka si raia aliyeamka. Lipo pia suala la lugha. Mchezo wa Gikuyu uliwaacha nje wafanyakazi wengi wa viwanda vya Thika waliotoka Ukambani na magharibi ya nchi, ambao walielewana na wenzao kwa Kiswahili. Lawama hiyo ina uzito. Mutahi, aliyeufinyanga Ukenya mzima katika How to Be a Kenyan, bila shaka alijua anawapunguza wasikilizaji. Lakini utani kuhusu mkubwa huishi katika lugha ambayo mtu hunong'ona nayo, na jina la safu yake, linalomaanisha minong'ono, halikuwa la bahati tu. Pengine angekuja kujaribu Kiswahili kama angepewa miaka zaidi. Kuhusu lawama ya ulevi, inatosha kusema kwamba serikali za kidikteta hazijawahi kukipuuza kicheko cha walevi. Huwatuma watu wakisikilize.

Lawama nyingine, ambayo haikutolewa sana enzi zake, inahusu wanawake wa Whispers. Thatcher alichekwa kwa ukali wake huku mumewe akichekwa kwa upumbavu wake, na si rahisi kusema ni nani aliyepata hasara zaidi. Msomaji wa leo huenda akakunja uso mahali ambapo baba yake alicheka.

Utawala wa Moi ulifikia kikomo baada ya miaka 24. Desemba 30, 2002, Mwai Kibaki, mwana wa Nyeri kama Mutahi, aliapishwa mbele ya umati usio na idadi katika bustani ya Uhuru, na katika siku zilizofuata picha zikabadilishwa kwenye kuta za baa kuanzia Nairobi hadi Ruiru na Thika. Palipokuwa na fremu ya zamani pakabaki alama ya mraba isiyofifia, rangi ya ukuta ikiwa mbichi kuliko sehemu nyingine, mpaka fremu mpya ilipotundikwa. Februari 2003 milango ya seli za Jumba la Nyayo ilifunguliwa, na umma ukaingia na kuona kwa macho yake mahali ambapo serikali iliyotangulia ilikuwa imekana kwamba papo.

Kwa mtu wa kazi ya Mutahi, huo ulikuwa wakati wa maswali mapya. Aliyekuwa amefanya hodari wa kuigiza mtawala aliyeogopwa angemwigizaje mtawala aliyependwa, na ambaye wanywaji wenyewe walikuwa wamempigia kura? Je, baa ingezomea? Kati ya kuapishwa kwa Kibaki na ile Ijumaa ya Thika zilipita siku 67. Hazikutosha kupata jibu.

Kilichotokea katika chumba cha upasuaji kilizua mjadala mkali nchini kuhusu uzembe wa kitabibu na usalama wa dawa ya usingizi, na jamaa na marafiki walikesha kando ya kitanda chake kwa zaidi ya miezi minne wakingoja dalili. Mwanamume aliyenusurika maji baridi ya seli, chawa wa jela na majasusi wa baa aliondolewa na uvimbe ambao haukuwa umemtishia maisha. Wasomaji waliozoea kuamini kwamba kila kitu katika Whispers ni kweli walikuwa na shida ya kuamini hili, ambalo lilikuwa kweli.

Mwaka 2006 Chama cha Wachapishaji wa Vitabu nchini kilianzisha Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi, ambayo imewatambua waandishi wa Kiingereza na wa Kiswahili. Vitabu vyake bado vinapatikana, na vizazi ambavyo havikuwahi kumwona vinamsoma. Michezo ya baa imebaki hasa katika kumbukumbu za walioitazama, watu ambao sasa ni wazee, na ambao ukiwauliza kuhusu ikulu ile ilivyokuwa watakueleza zulia lake, walinzi wake na kiti chake cha dhahabu, ingawa usiku ule mbele yao palikuwa na kaunta na kreti za bia.